Alama ya Mangungu: Maoni Juu ya Ukusanyaji wa Sahihi

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Jambo lililo kweli na lisilo na kasoro twaliita sahihi. Na jina aliandikalo mtu kwa mkono wake chini ya barua au mkataba nalo twaliita sahihi. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni uzima na ukweli. Maana ya pili imejengeka juu ya hiyo ya kwanza, kwa kuwa watu waliona kwamba karatasi isiyo na mkono wa mwenyewe haijawa kweli bado. Siku hizi wengi husema saini, nasi hatuwalaumu, ila tutatumia neno la zamani katika insha hii, kwa sababu ndani yake mna swali tunalotaka kuliuliza: je, sahihi huwa sahihi sikuzote?

Wako watu katika nchi nyingi ambao hukusanya sahihi za viongozi, kama wengine wakusanyavyo stempu au sarafu za kale. Baadhi yao hutafuta hasa sahihi za wale ambao historia haijakubaliana juu yao, au imekwisha kuwahukumu vibaya: wavamizi, madikteta, wafanyabiashara ya utumwa, waasi, na wale walioitwa waasi na baadaye wakaitwa wakombozi. Mwanafunzi atauliza kwa haki: kuna faida gani kuhifadhi mwandiko wa mtu mbaya? Na Mtanzania atauliza zaidi: jambo hili latuhusu nini sisi, ambao mababu zetu wengi waliweka maneno yao katika vifua badala ya karatasi? Latuhusu sana, kwa maana nchi yetu yenyewe ilichukuliwa kwa njia ya kukusanya sahihi.

Tuanze mbali kidogo. Desturi ya kukusanya sahihi ilishika mizizi huko Ujerumani katika karne ya 16, miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wittenberg. Kijana aliyekuwa akimaliza masomo, au akihama kutoka chuo kimoja kwenda kingine, alibeba kitabu kidogo, akawaomba walimu wake na marafiki zake waandike humo maneno machache na majina yao. Mmoja wa walimu wa chuo hicho alikuwa Martin Luther, ambaye Papa alikuwa amekwisha kumtenga na Kanisa mwaka 1521. Basi mwanafunzi aliyekuwa na mwandiko wa Luther kitabuni alikuwa na ukumbusho wa mwalimu wake. Na papo hapo, mbele ya macho ya watu wa upande wa pili, alikuwa na ushahidi wa urafiki na mzushi. Kitabu kile kile kingeweza kumpatia mtu sifa mji mmoja na taabu mji wa pili. Kwa hiyo sahihi ya mtu mwenye utata si jambo jipya; imekuwamo katika desturi hii tangu utoto wake.

Wengine kati ya hao wenye kuombwa sahihi walijua thamani yake wakaitumia. Mohandas Gandhi, ambaye Waingereza walimfunga mara kadhaa, na ambaye alijifunza siasa ya upinzani huko Afrika ya Kusini kabla ya kurudi kwao India mwaka 1915, alikuwa akiwatoza watu rupia 5 kwa kila sahihi, na fedha hizo zikaenda katika mfuko wa kuwasaidia watu wa matabaka yaliyodharauliwa. Twaona kuwa huo ulikuwa ujanja wa kupendeza. Aliyetaka kipande cha Gandhi kwa ajili ya kujivunia nyumbani alilazimika kwanza kutoa kwa ajili ya wale ambao huenda yeye mwenyewe alikataa kula nao.

Lakini mahali penye bei hapakosi hila. Biashara ya sahihi ilipokua, wakaja waghushi, na sahihi za watu wabaya ndizo zilizowavutia kwa sababu bei yake ni kubwa. Mwezi wa Aprili 1983 gazeti la Stern la Ujerumani ya Magharibi lilitangaza kuwa limepata shajara za Adolf Hitler, zaidi ya madaftari 60, ambazo lilizilipia mamilioni ya mark. Wataalamu wa miandiko waliitwa kulinganisha. Wakasema mwandiko ni mmoja. Kumbe baadhi ya karatasi walizopewa kama kielelezo cha mwandiko halisi wa Hitler zilikuwa zimeandikwa na mghushi huyo huyo, Konrad Kujau! Wakalinganisha uongo na uongo, wakaona vimefanana. Wiki mbili hazikupita, Idara ya Nyaraka ya Ujerumani ikaipima karatasi yenyewe, ikakuta ndani yake dawa ya kung'arisha ambayo haikutumika katika utengenezaji wa karatasi mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, yaani baada ya Hitler kufa. Kujau alifungwa mwaka 1985. Mwalimu wa historia anaweza kulitumia tukio hili darasani kuliko sura nzima ya nadharia, kwani linaonyesha kuwa hati haithibitishwi kwa kutazamwa sura tu, bali kwa kuulizwa imetoka wapi, imepitia mikono ya nani, na imeandikwa juu ya kitu gani.

Hata pasipokuwa na mghushi, jina huweza kuwapo bila mkono wa mwenye jina. Mwaka 1965 mfanyabiashara wa sahihi wa New York, Charles Hamilton, alitoa kitabu kizima kueleza jinsi barua nyingi za Rais John Kennedy zilivyotiwa sahihi na makatibu wake au na mashine. Walioziweka barua hizo katika fremu ukutani walikuwa wameweka kazi ya chuma.

Sasa turudi kwetu, maana huku ndiko jambo hili lilikokuwa na uzito wa maisha na ardhi.

Mwezi wa Novemba 1884 aliteremka Unguja Mjerumani mmoja, Dakta Carl Peters, akiwa na wenzake wachache. Mwezi wa Machi mwaka huo huo alikuwa ameunda huko Berlin chama cha kutafuta makoloni. Serikali yake haikumtuma, na wala haikumwahidi ulinzi. Hakuja na jeshi wala bidhaa za kutosha za biashara. Alichokuja nacho ni fomu za mikataba, na nia ya kuzijaza. Kutoka Saadani alishika njia ya bara, akapita Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami. Na katikati ya Desemba alikuwa amekwisha kurudi Unguja, mkobani mwake mna mikataba kumi na kitu ambayo kwayo alidai eneo la zaidi ya kilometa za mraba 100,000. Huyu naye alikuwa mkusanyaji wa sahihi. Hatujui mwingine katika historia ya nchi hii aliyekusanya kwa haraka hivyo, wala aliyelipa kidogo hivyo.

Mkataba unaojulikana zaidi ni ule wa Msowero, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Ulifungwa tarehe 29 Novemba 1884 baina ya Peters na Mangungu, ambaye hati inamwita Sultani wa Msowero. Umbo la mkataba huo lastahili kutazamwa taratibu. Unaanza kwa kutaja urafiki wa milele. Halafu urafiki huo unageuka, katika sentensi chache tu, kuwa utoaji wa nchi yote na haki zake zote, kwa nyakati zote, kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Mwisho unasema kwamba Mangungu ameutia alama ya mkono wake mbele ya mashahidi wengi, na kwamba kwa hiyo umekuwa halali daima. Lugha ya hati ni Kijerumani.

Peters mwenyewe alisimulia baadaye, tena kwa kujigamba, namna alivyofanya kazi hiyo: zawadi ndogo ndogo, kinywaji kikali, udugu wa kuchanjiana damu, bendera kupandishwa, hati kusomwa kwa Kijerumani, bunduki kupigwa hewani. Tukiitazama sherehe hiyo kwa macho ya mwenyeji, tutaona kwamba kila jambo lililofanyika lilikuwa na maana aliyoifahamu vizuri. Zawadi ilikuwa heshima ya mgeni. Kuchanjiana kulikuwa undugu, na ndugu wa kuchanjia hunyimwi kivuli wala maji, lakini pia hafukuzi mtu kwake. Kitu kimoja tu katika sherehe ile hakikuwa na maana kwa mwenyeji, nacho ni karatasi. Na hicho kimoja ndicho Peters alichoondoka nacho.

Baadhi ya waandishi wa zamani waliandika kana kwamba Mangungu alikuwa mjinga aliyeuza nchi kwa kitambaa. Maoni hayo sisi hatukubaliani nayo. Kwanza, yeye hakuwa na uwezo wa kuuza ardhi, kwa sababu katika desturi za Wasagara, kama za makabila mengine mengi, ardhi ilikuwa ya ukoo na ya watakaozaliwa. Kiongozi aligawa matumizi yake, hakuimiliki kama mtu anavyomiliki kanzu. Pili, mtu hahesabiwi kuwa amekubali neno ambalo hakulisikia katika lugha yake. Alama ile ni yake, yamkini. Maneno yaliyo juu yake si yake. Hii ndiyo tofauti ambayo wakusanyaji wa sahihi huisahau mara nyingi: hutazama chini ya karatasi tu.

Karatasi zile zilifanya kazi upesi. Tarehe 26 Februari 1885 Mkutano wa Berlin ulifungwa, na kesho yake, tarehe 27, Kaizari Wilhelm I akatia sahihi hati ya kuzilinda nchi alizozidai Peters. Sahihi ya Berlin ikaegemea alama za Usagara, na alama za Usagara zikapata nguvu kutokana na sahihi ya Berlin. Seyyid Barghash bin Said alipopata habari aliandika barua ya kupinga. Jibu lililokuja mwezi wa Agosti 1885 lilikuwa manowari za Kijerumani zilizotia nanga mbele ya jumba lake, naye akalazimika kukubali. Barghash alikwisha kuyaonja mambo hayo kabla: tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, baada ya Waingereza kutishia kuizingira Unguja kwa merikebu. Hatusikitiki kwamba soko lile lilifungwa. Lakini anayeitazama sahihi ya 1873 na kuona ndani yake huruma ya Sultani, au hata huruma tupu ya Waingereza, hajazitazama merikebu.

Mkono mwingine ambao wakusanyaji wa Ulaya wangeufurahia ni wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwezi wa Februari 1887, papa hapa Unguja, yeye na Henry Morton Stanley walifanya mkataba ambao ulimfanya mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa kuwa liwali wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji katika Stanley Falls, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Leopold alikuwa akijitangaza duniani kuwa adui wa utumwa. Hakuna hotuba inayoueleza unafiki wa zama zile vizuri kuliko majina hayo kukutana katika mapatano mamoja. Lakini Tippu Tip alituachia pia kitu kikubwa kuliko jina: aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Tunaposoma kitabu hicho hatumsifu mtu aliyejaza njia za bara mifupa. Twasoma jinsi alivyojiona, na jinsi alivyoweza kusimulia vita na pembe kwa utulivu wa mtu anayehesabu magunia. Hilo jina peke yake lisingetuambia.

Kuhusu Peters, liko jambo jingine ambalo halifundishwi sana. Alipokuwa mkuu wa serikali ya Kijerumani katika sehemu za Kilimanjaro, mnamo 1891 na 1892, aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk na msichana aitwaye Jagodja. Watu walikwisha kumpa jina la Mkono wa Damu. Mwaka 1896 August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti, aliisimamisha habari hiyo katika bunge la Ujerumani. Miongoni mwa ushahidi wake alitaja barua ambayo Peters alisemekana kumwandikia Askofu Tucker wa Uganda akijitetea. Askofu akasema hakupata barua ya namna hiyo. Ikaonekana kwamba barua haikuwako. Vifo vilikuwa kweli, na mwaka 1897 Peters alifukuzwa kazini. Lakini kwa miaka mingi wafuasi wake waliishika barua hiyo ya uongo kama ngao, wakisema kwamba mambo yote yalikuwa uzushi. Mwaka 1937 Hitler akamsafisha jina. Wanafunzi wanaopigania jambo la haki na waone hapa hatari ya kuliegemeza juu ya karatasi isiyopimwa.

Je, wale waliokataa kutia alama waliacha nini? Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa Mohoro mwezi wa Agosti 1905, hakuacha sahihi. Wala mnada wowote hautauza mwandiko wa wale waliokufa kwa njaa baada ya Maji Maji. Kwa Mkwawa, waliokusanya hawakukusanya jina. Walichukua fuvu, na fuvu hilo lilirudi Kalenga mwaka 1954. Basi anayejifunza historia kwa sahihi peke yake atajifunza historia ya waliokuwa na wino.

Hata hivyo wino haukuwa wa upande mmoja. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao wa kusini, alipelekewa amri na Hermann von Wissmann aende pwani kujisalimisha. Alijibu kwa barua, tena kwa Kiswahili. Alisema kwamba ameyasikiliza maneno, na haoni sababu ya kumtii. Kwamba kama ni urafiki yuko tayari, leo na sikuzote, lakini kuwa raia wa mwingine hawezi. Kwamba hatakuja, na mwenye nguvu na aje kumchukua. Wajerumani walihangaika naye miaka mingi, mpaka 1899 alipovuka kwenda Msumbiji. Tukiweka barua hii kando ya mkataba wa Msowero, tutaona tofauti iliyo wazi. Katika mkataba, Mwafrika ametia alama chini ya maneno ya mwingine. Katika barua, maneno yote ni yake. Kama tungetakiwa kuchagua hati moja ya karne ile ya kutundikwa katika kila shule ya sekondari, tungechagua hiyo.

Jambo hili halikuishia katika zama za ukoloni. Hati ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ilitiwa sahihi tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume. Miaka 50 baadaye, wakati wa Bunge Maalumu la Katiba, ulizuka ubishi mkali juu ya hati yenyewe: iko wapi, na je, sahihi ya Mzee Karume ni yake? Mwezi wa Aprili 2014 Serikali ikaitoa hati ya asili na kuwaonyesha waandishi wa habari. Msomaji ataona kwamba swali walilouliza wananchi mwaka 2014 ni lile lile alilopaswa kuulizwa Peters mwaka 1885. Twaona pia kwamba ubishi ule ungekuwa mdogo kama hati ingalikuwa imezoeleka machoni pa watu tangu mwanzo. Karatasi inayofichwa hushukiwa hata ikiwa ni kweli.

Turudi basi kwenye swali la kuhifadhi mwandiko wa mtu mbaya. Wako wanaosema uchomwe. Wako wanaoununua kwa bei kubwa na kuutundika sebuleni, na baadhi yao, hasa wanunuzi wa vitu vya Wanazi, huficha ibada chini ya jina la historia. Sisi hatuko pamoja na kundi lolote kati ya hayo mawili. Mkataba wa Peters ukichomwa, atakayefaidika ni Peters, kwa sababu ndio unaomshitaki. Na ukiingia katika kabati la tajiri fulani ng'ambo, umechomwa vile vile kwa upande wetu. Mahali pake ni katika nyumba ya nyaraka ya umma, ambapo mwanafunzi wa Kilosa anaweza kuuona bila kulipa bei ya mnada. Nyaraka za serikali ya Kijerumani zilizomo katika Hifadhi ya Taifa mjini Dar es Salaam ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya Unesco ya Kumbukumbu ya Dunia, na mkusanyo wa hati na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar ukafuata mwaka 2003. Ni walimu wangapi wamewahi kuwapeleka wanafunzi wao huko?

Shule iliyo mbali na Dar es Salaam au Unguja haikosi kazi ya kufanya. Katika masanduku ya wazee wetu zimo stakabadhi za vyama vya ushirika, kadi za TANU na za Afro-Shirazi, risiti za kodi ya kichwa, barua za maakida na majumbe, mihtasari ya mikutano ya vijiji wakati wa operesheni za kuhamia vijijini katika miaka ya 1970. Nyingi zina majina ya watu ambao mpaka leo kijiji hakijakubaliana juu yao: jumbe aliyewatoza wenzake kodi kwa kiboko, mwenyekiti aliyesimamia nyumba kubomolewa, mwingine aliyekataa kuzibomoa akavuliwa uenyekiti. Mwalimu awaombe wanafunzi wazinakili, wasizichukue. Wamwachie mwenyewe mali yake. Kando ya kila nakala waandike ni nani aliyeandika maneno, kwa lugha gani, ni nani aliyetia sahihi au dole gumba, ni nani aliyekuwapo, na karatasi ilibaki kwa nani. Pale ambapo dole gumba limewekwa chini ya maneno ya Kiingereza, wamtafute mwenye dole, au mwanawe, wamsomee maneno hayo kwa Kiswahili, halafu waandike atakalosema.